Sahani Tano za Duman

Kabla ya alfajiri nilisikia kucha zikikwaruza zulia. Kisha kimya. Kisha nikasikia sauti niliyokuwa nimeizoea, ya koo dogo linalojikaza kutapika.

"Nezahat," mume wangu Saffet alisema bila kufumbua macho. "Paka wako."

"Akilala ni wako," nikamjibu. "Akitapika ni wangu."

Niliwasha taa ndogo. Ukungu ulikuwa umepanda kutoka baharini mpaka kwenye dirisha letu. Nyumba za upande wa pili wa mtaa hazikuonekana. Meli ziliitana kwa honi, polepole, kama watu wanaozungumza usingizini. Asubuhi kama hizi mji wetu wa Istanbul huwa kama haujaamua bado kuwapo.

Duman alikuwa ameketi pembeni mwa zulia. Kwa lugha yetu jina lake maana yake ni moshi, na rangi yake ni hiyo. Nilifuta zulia, kisha nikamwinua. Mbavu zake nilizihesabu kwa vidole. Mwanzoni mwa kiangazi alikuwa mzito wa kunichosha mkono. Sasa nilikuwa kama nimebeba shali tupu.

Nilikaa naye mapajani mpaka kukapambazuka. Nilikuwa na hofu, nayo ilikuwa hofu moja tu. Akiendelea kukonda hivi, theluji itaanguka yeye hayupo.

Wakati wa chai Saffet alinimegea mkate wa ufuto, kipande kikubwa akaniachia mimi. Hufanya hivyo kila siku.

"Sielewi," alisema. "Paka anakula sahani tano kwa siku na anakonda. Mimi nakula moja na nanenepa. Tubadilishane matumbo."

"Wewe hutafaa," nikasema. "Unakoroma."

Sahani tano ni kweli. Jengo letu lina ghorofa tano, na mtaani kwetu paka hana mwenyewe mmoja. Duman analala kwangu, lakini ni wa ngazi nzima. Alipoanza kuharisha na kutapika, habari zilipanda na kushuka ngazi siku hiyo hiyo. Dada Sabiha wa chini akaleta sahani ya chakula cha kopo cha jodari. Mualla wa ghorofa ya juu akaleta cha ini. Wengine wakaleta cha kondoo na cha samaki mwekundu. Mimi mwenyewe nilikuwa na makopo ya kuku.

Na kwetu sahani ya jirani hairudishwi tupu. Nilizirudisha na majani ya mzabibu yaliyojazwa wali. Kesho yake zikarudi na chakula cha paka. Kisha kila mmoja akinikuta kwenye ngazi ananiuliza, "Duman amekula cha kwangu?"

Kusema uongo siwezi, na kumvunja mtu moyo siwezi. Basi nilimpa Duman kijiko kutoka kila sahani, kila siku, ili niweze kumjibu kila mtu, "Ndiyo, amekula."

Asubuhi ile nilimweka ndani ya kikapu, nikamfunika kwa kitambaa, nikaenda kwa Nuray. Nuray ni daktari wa wanyama. Alikulia mtaa wetu. Nilimjua tangu alipokuwa akificha ndege wagonjwa kwenye mfuko wa koti.

Alimpima Duman bila haraka. Kinyesi nilichobeba kwenye chupa alikiangalia kwa darubini.

"Minyoo hana," alisema. "Homa hana. Tumbo lake ni jepesi tu, Bibi. Linaudhika upesi. Anakula nini?"

Nikamtajia. Kuku, jodari, ini, kondoo, samaki mwekundu. Na maziwa kidogo akilia.

Nuray aliacha kuandika. "Vyote hivyo kwa siku moja?"

"Kijiko kijiko, mwanangu. Watu wameleta kwa moyo mzuri."

"Najua. Nimekula sana kwenye sahani zenu." Alitabasamu. "Lakini fikiria, Bibi. Tumbo hili kila saa linagongewa mlango na mgeni mpya. Hata usingizi halipati. Na maziwa ndiyo yanamharisha zaidi. Paka wengi wazima hawayawezi. Mpe maji."

Kwenye mfuko nilikuwa na makopo mawili mapya niliyonunua njiani, nisijue lipi lingefaa. Aliyapanga mezani, akanisubiri nivae miwani. Mimi husoma kwa kidole, neno kwa neno, na yeye hakunisaidia wala kunikimbiza.

"Kopo la kwanza," alisema. "Soma yale maandishi madogo."

"Nyama... na mabaki... ya wanyama."

"Mnyama gani?"

Nilitafuta. "Hawakuandika."

"Basi hatujui. Leo anaweza kuwa ng'ombe, mwezi ujao kuku. Tumbo gumu halijali. Tumbo la Duman linajali. Soma la pili."

"Bata mzinga. Mchuzi wa bata mzinga. Vitamini. Madini." Nikanyanyua kichwa. "Imekwisha."

"Hiyo ndiyo tunayotaka. Mnyama mmoja aliyetajwa jina, tena ametajwa mwanzo. Orodha fupi. Hakuna rangi, hakuna sukari. Na hapa juu?"

"Chakula kamili."

"Neno hilo ulitafute siku zote. Mengine ni vitafunio tu, yakiwa peke yake hayamtoshi paka. Na bata mzinga hajawahi kumla, ndiyo maana tunamjaribu. Jodari wa kopo wa kuliwa na watu usimpe, ana chumvi na mafuta. Kitunguu na kitunguu saumu kamwe. Ni sumu kwake, hata kwenye mchuzi."

"Nianze leo, niache vingine vyote?"

"Acha vya majirani leo. Lakini cha kuku anachokijua usikikate ghafla. Siku mbili za kwanza mpe robo ya chakula kipya na robo tatu ya kuku. Siku mbili zinazofuata, nusu kwa nusu. Kisha robo tatu ya kipya. Baada ya wiki moja, au hata siku kumi, kipya kitupu. Kidogo kidogo, mara nne kwa siku. Kopo likishafunguliwa, lifunike, liweke kwenye friji, na lisizidi siku mbili. Lakini usimpe chakula cha baridi. Weka bakuli ndani ya maji ya moto kidogo, kipoteze ubaridi."

"Na nikiona vibaya?"

"Akikataa kula siku nzima, akitapika mara kwa mara, ukiona damu, au akilala tu bila kukujali, usingoje kesho. Mlete." Alifunga kitambaa cha kikapu vizuri kuliko nilivyokifunga mimi. "Na majirani je?"

"Hao ndio wagumu."

"Hapo sina dawa, Bibi. Dawa unayo wewe."

Niligonga mlango mmoja mmoja. Mualla alicheka. "Basi ini langu watakula paka wa uani. Wao matumbo yao ni ya chuma." Wa kondoo na wa samaki mwekundu waliniuliza jina la lile kopo la bata mzinga, nao wakaliandika.

Dada Sabiha alinisikiliza akiwa ameshika sahani yake mkononi.

"Kumbe nilikuwa namwua," alisema.

"Hapana, dada. Sote tulikuwa hatujui. Mimi wa kwanza."

"Haya, Nezahat." Akafunga mlango taratibu. Tangu siku ile hakupanda tena kwetu.

Siku ya tatu Duman alitapika. Nilikata tamaa, nikampigia Nuray.

"Mara moja tu? Anacheza?"

"Anauma mkono wa Saffet."

"Basi yu mzima. Rudi kwenye kipimo cha jana kwa siku mbili, kisha uendelee. Usibadili kopo, Bibi. Ukibadili tunaanza upya."

Nikafanya hivyo. Siku ya tisa Saffet aliniita kwenye sanduku la mchanga anamojisaidia Duman, kama mtu anayeita wageni sebuleni.

"Njoo uone," alisema. "Kigumu. Kizuri. Nimekaribia kukipiga picha."

Wiki ya tatu Duman alianza kunilemea mkono. Manyoya yake yalirudisha mng'ao. Mchana aliota ndoto juu ya kiti, makucha yakicheza, na mimi nikifuma sufi karibu naye niliingia ndoto yake nikatoka, sijui mara ngapi.

Lakini kila nikisikia nyayo kwenye ngazi niliinua macho. Hazikuwa za Sabiha. Watoto wake wawili wako Ujerumani. Mumewe alishatangulia. Ndipo nikaelewa polepole, kama ninavyosoma. Ile sahani ya jodari ilikuwa sababu yake ya kupanda ngazi. Nami nilikuwa nimeichukua.

Siku hiyo saa kumi jioni nilimbeba Duman mkono mmoja, kopo mkono mwingine, nikashuka.

"Dada Sabiha," nikasema alipofungua, "anakula mara nne kwa siku. Mlo wa saa kumi unanishinda. Saffet amelala, na mimi nasinzia kabla sijafungua kopo. Ungeweza kunisaidia?"

Alitazama paka. Alitazama kopo kama kitu kinachoweza kumng'ata.

"Nikikosea?"

"Hutakosea. Yote yameandikwa."

Alivaa miwani. Alisoma kwa sauti, kidole kikitembea. "Bata mzinga. Mchuzi wa bata mzinga." Akaitikia kwa kichwa, akaridhika. "Vijiko vingapi?"

"Viwili. Na kipoteze ubaridi kwanza."

Alipasha maji. Alilijaribu joto la bakuli kwa mgongo wa kidole, kama anayemwandalia mtoto mchanga. Duman alikula, akalamba bakuli, kisha akajizungusha mara mbili mapajani mwa Sabiha na kulala. Chai aliyotumiminia ilipoa kwenye vikombe na hatukuijali. Mkono wa Sabiha ulipanda na kushuka pamoja na pumzi za paka.

Giza lilipokaribia nilisimama. Aliniwekea paka mikononi bila kumwamsha, akanifungulia mlango, lakini hakuuachia.

"Kesho saa kumi," alisema, "mtakuja tena, Nezahat? Nitakuwa nimeshapasha maji."