Kompyuta Iliyokataa Majina

Kompyuta ikifanya kazi sana hupumua joto, hata anayepita kibandani kununua vocha analijua hilo. Ile ya Benjamini ilipumua baridi.

Coleta, fundi mwenye kibanda, aliweka kiganja mbele ya feni, akakiondoa upesi, akakinusa. Kilikuwa kimelowa, na kilinuka nyavu, zile zinazoanikwa zikiwa bado na magamba. Sasa ziwa na Sumbawanga mjini ni wapi na wapi? Liko kule chini, mwisho wa miteremko yote, na hakuna upepo wa Kasanga unaopanda mpaka huku. Akajiambia, ni mimba hii. Mwanamke mwenye tumbo kubwa namna ile hunusa mpaka chungu cha jirani.

"Nipigie windo tu, mama," Benjamini, mchuuzi wa dagaa, alikuwa amemwambia asubuhi, koti limefungwa mpaka kidevuni. "Binti yangu anaanza chuo. Mashine nzima kabisa, nimeipata kwa mtu."

"Kwa mtu gani?"

"Kwa mtu, bwana. We piga windo."

Kupiga windo, yaani kuiwekea kompyuta upya programu inayoiendesha, ni kazi ya kusubiri. Unachomeka flashi, unafuta vya zamani, unaiacha mashine ijijaze yenyewe, na mwishoni inakuuliza jina la mwenye mali. Ukiliandika, umemaliza. Hii nayo ilijijaza vizuri. Ilipouliza jina, Coleta akaandika Benjamini. Kioo kikawa cheusi, kikawaka, ikaanza upya kama ambayo haijaguswa na mtu.

Akabadili flashi. Ikafika kwenye jina, ikarudi. Akaifungua tumbo, akachomoa rami, zile kadi za kumbukumbu, akazisugua meno kwa ufutio wa penseli, akazirudisha. Ikafika kwenye jina, ikarudi. Akatoa hadi diski, akaweka mpya ya dukani kwake. Ikafika kwenye jina, ikarudi.

"Leo umepata mume mkorofi," alisema Minza, mama wa Kisukuma anayeuza maziwa mlango wa pili, amekuja kuota jua la kibarazani. "Kila ukimpakulia, anamwaga."

"Tena ananuna. Hebu msikilize."

Feni ilikuwa inatoa sauti. Haikuwa ngurumo ya feni. Ilikuwa nyembamba, inapanda, inashuka, inakatika kidogo, inapanda tena.

"Mh! Si kama mtoto mchanga aliyefunikwa blanketi?" Minza akacheka. Kisha akasikiliza vizuri, akaacha kucheka.

Hapo ndipo Coleta alipokosea, na kosa lenyewe alilinyonya kwao. Ufipani kwao, mtoto mchanga akilia bila kukoma na kukataa kunyonya, bibi zake humzunguka na kumwitia majina ya marehemu wa ukoo, moja moja, taratibu. Jina atakalolinyamazia ndilo lake. Coleta alimwona mama yake akifanya hivyo mara nyingi, mtoto mapajani, sauti ya chini: "Wewe ni nani, baba? Wewe ni nani, mama? Sema tukujue."

"Basi tumwitie majina," akasema, kwa utani tu, wa kujitoa woga. Akaandika Kasimiri, jina la babu yake.

Safari hii mashine haikurudi mwanzo. Ilifuta jina, ikauliza tena, kama iliyouelewa mchezo.

Akaandika Marselino, mjomba wake aliyezikwa Mwimbi. Kile kilio kikashuka, kikatulia kama kinachosikiliza, kisha jina likafutika na kilio kikapanda. Ukungu ulikuwa umeanza kuteremka kutoka milima ya Mbizi, jua la kibarazani likazimika, na Minza akasema kwa sauti ya chini, "Coleta, iache. Izime hiyo kitu." Lakini vidole vya Coleta vilikuwa vimeshatangulia. Lilikuwa limebaki jina la mama yake, aliyefariki mahindi yakivunwa, ambaye siku zake za mwisho aliweka mkono juu ya tumbo hili hili na kuomba, huyu wa kike abebe jina langu, nisipotee. Jina hilo halikuwa limetamkwa tena nyumbani. Lilikuwa linatunziwa huyu wa tumboni.

Akaandika Agnesi.

Kilio kikakatika.

"Karibu, Agnesi," kioo kikaandika.

Na mtoto tumboni, aliyeshinda akipiga mateke tangu asubuhi, akanyamaza naye.

Coleta akajishika tumbo, akalitikisa, akalibonyeza ubavuni pale ambapo mtoto hakosi kujibu, hakujibiwa. Akafuta jina lile kwenye mashine, tumbo kimya, akachomoa waya wa umeme, akaipindua akatoa na betri, akaiweka mezani mbali kabisa, na kioo kikaendelea kuwaka bila umeme wowote wa kukiwasha, na kutoka kwenye vile vitundu vya spika ikaanza kutoka sauti ya kunyonya, ya mtoto mwenye njaa ya muda mrefu ambaye hatimaye amepewa titi, na Coleta akahisi matiti yake yanauma, akajitazama, akaona gauni limelowa kifuani.

Minza ndiye aliyekimbia kumwita Shangazi Rozina, dada wa baba yake Coleta, aliyekuwa akitafutwa na watu kwa dawa tangu enzi za uhai wa mumewe. Ndiye pia aliyempigia Benjamini simu na kumtukana mpaka akaja.

"Shikamoo, shangazi," Coleta alisema, mikono bado tumboni.

"Marahaba, mwanangu. Usiongee kwa sauti. Kinasikia." Shangazi Rozina akanusa hewa, kisha akamgeukia Benjamini. "Mmeitoa wapi?"

"Niliinunua..."

"Benjamini. Mimi nilimzalisha mama yako."

Yule bwana akaangalia chini. "Wavuvi wa Wampembe waliiokota majini. Ilikuwa kwenye ndoo yenye mfuniko. Kavu kabisa."

"Pamoja na nini?"

"Kitenge. Cha kubebea mtoto. Kimefungwa fundo, ndani hamna mtu. Wakakitupa, wakaniuzia mashine."

Shangazi akafumba macho. Aliposema, alisema sikioni mwa Coleta. "Kuna vitu huko majini havijawahi kuitwa na mtu. Havina pa kuingilia kwetu. Vinalia tu. Wewe umekiitia majina ya wafu wetu, kwa desturi yetu, kikanyamaza. Kimekubali, Coleta. Sasa jina ni moja, na wanaolivaa ni wawili. Kilichotangulia kuitika ndicho kitakachozaliwa."

"Nimelifuta, shangazi!"

"Na tumbo limesemaje?"

Coleta akalibonyeza tena ubavuni, hakujibiwa.

"Kiachie jina," shangazi akasema. "Lote. Useme mbele yake kwamba huna mtu wa jina hilo, aliye hai wala aliyekufa. Na usilitaje tena, hata kwenye sala."

"Ni mama yangu."

"Alikuwa wifi yangu! Tumelima ulezi shamba moja, tumekula chungu kimoja. Unadhani mimi sina moyo? Sema, mtoto anakwenda."

Coleta akaisogelea meza. Ile sauti ya kunyonya ikakoma, kikabaki kimya cha kitu kinachosubiri. Akaweka mkono kwenye kioo, kilikuwa baridi na laini kama tumbo la samaki.

"Agnesi ni wako," akasema. "Mimi sina Agnesi. Sikuzaliwa na Agnesi. Chukua."

Kioo kikazimika. Tumboni, teke moja likampiga kwa nguvu hata akapiga magoti.

Benjamini aliirudisha mashine Wampembe mwenyewe na kuitupa mbali na ufuko, na tangu hapo hanunui dagaa wa huko. Mtoto akazaliwa mzima, analia vizuri, ananyonya, wakamwita Victoria. Ukoo mzima ukaambiwa jina la kutotajwa, na hakuna aliyelitaja.

Ila Siku ya Marehemu ikafika. Watu wakaenda makaburini na mishumaa, upepo wa mvua za kwanza unavuma. Katekista alikuwa mgeni, ametoka kigango kingine. Hakuna aliyekumbuka kumwambia. Akawa anapita msalaba kwa msalaba, anasoma jina, watu wanaitikia apumzike kwa amani. Coleta alipomwona anainama kwenye ule wa mama yake alifungua mdomo amzuie, akachelewa.

"Agnesi," katekista akasoma.

Kabla watu hawajaitikia, nyuma yao, kwenye majani marefu ambako hapakuwa na mtu, sauti ya mtoto wa kike ikasema, "Abee."

Wengine walidhani ni mtoto wa fulani. Shangazi Rozina akakamata mkono wa Coleta mpaka kucha zikazama. Na mgongoni, Victoria akajipinda ndani ya mbeleko, akageuza shingo kuyatazama yale majani, akacheka kile kicheko chake cha kila asubuhi, anapoamka peke yake chumbani, na mama yake kule jikoni hujiuliza anacheka na nani.