Baiskeli Isiyo na Springi

Kila asubuhi kabla ya shule, Houda aliisugua baiskeli ya baba yake kwa mchanga na kitambaa. Kutu ilitoka shingo upande. Ilikuwa baiskeli ya milimani, ya kizamani, ngumu kila mahali. Ukikanyaga kokoto, meno yako yanapata habari.

Baba yake, Abdu, alikuwa amevuka mpaka kwenda Uvira kutafuta kazi. Vita vikafunga njia, habari zake zikakatika. Asiya, mama yake, aliendelea kukaanga maandazi, na machozi aliyasingizia moshi.

Nchi ilikuwa chini ya vikwazo vya majirani zake na petroli haikuonekana. Asiya angewezaje kutoka mtaa wao wa Buyenzi kuwafikia wateja wake wa Ngagara? Ilibaki baiskeli tu. Shaabani, fundi wa mtaani, aliifufua bila kipuri kipya hata kimoja: breki alizichonga kutoka tairi kuukuu la gari, mnyororo akaupaka mawese.

"Sasa inanukia kama mboga," alisema, "lakini itabeba gunia."

Shida ilianza na Khaled, binamu yake Houda, aliyebeba ndizi kwa baiskeli yenye springi mbele.

"We Houda, hiyo ni baiskeli ama kitanda cha chuma?" alimcheka mbele ya wanafunzi wenzake. "Lete huo uma wako unaoshika gurudumu la mbele, nikupe wangu wa springi. Mi nakuonea huruma tu."

Huruma ya Khaled! Houda alikuwa ameshajiona akipita mtaani kama bibi harusi. Akakubali kubadilishana, akaupeleka ule uma wa Khaled kwa fundi.

Shaabani aliubonyeza, akaguna. "Springi hizi zimechoka, mwanangu. Mama amekubali?"

"Amekubali," alijibu Houda, akimwangalia kuku aliyekuwa akipita.

Mama hakuwa ameulizwa, lakini Shaabani aliufunga.

Jumamosi sokoni, Asiya alililaza gunia la unga alilonunua juu ya usukani, wakaanza safari ya nyumbani na Houda. Ndio unga wote waliokuwa nao, na sokoni ulikuwa umekwisha. Walipokaribia kibanda cha Shaabani, gurudumu la mbele likaingia kwenye ufa wa barabara. Springi zikazama, hazikurudi. Usukani ukalala, gunia likatumbukia mtaroni na kupasuka. Unga ukageuka uji mweusi.

Asiya alichuchumaa, akauchota kwa viganja, ukamponyoka. Mlimani bunduki zililia, hakuinua kichwa. Kisha akasimama, akautazama ule uma wa springi alioudhani ni matengenezo ya fundi.

"Shaabani! Umeniua! Kwa sababu mume wangu hayupo, ndiyo unanifungia takataka?"

Wateja waligeuka. Mmoja alichukua baiskeli yake, ambayo haikuwa imetengenezwa bado, akaondoka nayo. Shaabani aliweka spana chini. Alimtazama Houda tu, akangoja.

Houda alitamani mtaro ummeze pamoja na unga. Angenyamaza, nani angejua?

"Apana, mama," alisema. "Haiko yeye. Ni mi. Alisema springi zimechoka, nikamwambia umekubali."

Asiya alijipangusa unga mikononi. Kisha alimgeukia fundi mbele ya watu wale wale. "Fundi Shaabani, nimekukosea. Nisamehe."

"Yamekwisha, Mama Houda. Twende kwa Khaled."

Khaled aliuona uso wa shangazi yake, akaanza kufungua nati kabla hajaombwa. Jioni uma wa zamani ulikuwa umerudi mahali pake. Abdu hakuwa amerudi.

Nyumbani, Houda alilia. "Mama, unga wote umekwisha."

"Umekwisha. Sasa hivi nitaazima kidogo kwa jirani yetu Consolate, na tutakula mara moja kwa siku," alisema Asiya. "Lakini ungenyamaza, mwanangu, ungemwaga jina la Shaabani pia. Jina hilo ningekwenda kuliazima kwa nani? Sema ukweli mapema, kabla mwingine hajabebeshwa kosa lako."

Kulipokucha walitoka na beseni dogo la maandazi. Baiskeli ilimtikisa Houda mpaka meno yakagongana. Hakulalamika hata kidogo.