Sura ya Nne ya Daftari la Mama

Kila siku Chiriku alipotoka shule alimkuta mama yake ameshafuta meza na kulifungua daftari. Jina la Chiriku alipewa na majirani kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika, ila nyumbani saa ile alitakiwa anyamaze, kwa kuwa mama alikuwa anasoma.

Mama alikuwa mfanya usafi katika ofisi ya serikali kwa miaka kumi na mmoja. Alizijua meza zote za pale kwa kuzifuta, na sasa alitaka naye aketi nyuma ya mojawapo. Tangazo la mtihani wa utumishi wa umma lilipotoka, ni yeye aliyetumwa kulibandika mlangoni. Alilisoma mara mbili, akaenda kuomba fomu.

Somo lenyewe lilikuwa masuala ya jamii na maendeleo: elimu, ajira, makazi, maji na afya. Kitabu kilikuwa kimoja, cha karani aliyekuwa akijiandaa kuhamia mji wa mbali, naye alikubali kumwazima mama kwa siku tatu tu. Mama alirudi kutoka kazini vidole vimechubuka kwa sabuni, kalamu haikamatiki. Chiriku alikuwa na mwandiko mzuri kuliko wote darasani, na shule zilikuwa zimefungwa wiki ile. Kazi ya kunakili ikawa yake.

Sura tatu za mwanzo alizinakili neno kwa neno. Siku ya mwisho ilibaki sura ya nne, ya maji na afya, kurasa kumi na nne za herufi ndogo kama sisimizi. Wenzake walikuwa wanaruka kamba chini ya dirisha, wanamwita. Chiriku akanakili vichwa vya habari, kisha nafasi za katikati akazijaza kwa maneno ya kichwani mwake. Akaandika kwamba miradi saba kati ya kumi ya maji hufa kwa sababu ya kutu. Akaandika kwamba maji ya kisima kirefu hayana haja ya kuchemshwa. Aliposoma tena, akaona yamekaa kama ya kitabuni kabisa. Alasiri alikuwa anaruka kamba. Jioni kitabu kikarudi kwa mwenyewe, na kesho yake karani akaondoka nacho.

Mwanzoni hakuona ubaya. Lakini mama alikuwa mtu wa kukariri kwa sauti. Alipiga pasi huku akikariri, akamenya viazi huku akikariri, na siku alipofika sura ya nne Chiriku alisikia uongo wake ukitoka katika kinywa cha mama, taratibu, kwa heshima, kana kwamba ni sala. Akasukuma sahani kando.

Halafu wakaja wengine. Mkunga wa kituo cha afya na fundi redio wa jirani nao walikuwa wameomba nafasi zile zile, na mama, ambaye hakujua kunyima, akawaalika wasome pamoja. Wakanakili kutoka kwenye daftari lile lile. Sasa uongo ulikuwa katika madaftari matatu.

Siku moja mkunga aliweka kalamu chini. Alisema hili la kutochemsha maji halimwingii akilini, maana watoto wanaoletwa kwake wanaharisha, wengi wanatoka kwenye nyumba zinazoteka kisima kirefu. Fundi redio akamtazama mama. Mama akavuta daftari karibu.

"Dada, mwanangu amenakili neno kwa neno," alisema. "Kama kuna kosa, basi ni la kitabu. Si la huyu."

Akamshika Chiriku bega. Chiriku alitamani ardhi ipasuke immeze. Mkunga akaomba radhi, akaandika kama alivyosomewa.

Kesho yake Chiriku alikwenda maktaba peke yake. Mtunza maktaba alimwambia kitabu hicho kimeazimwa, na wanaokisubiri ni wengi kuliko siku zilizobaki kabla ya mtihani. Akapita kwa mwalimu wake, naye hakuwa nacho. Alirudi nyumbani akaketi mlangoni, mikono mapajani. Hakuwa na la kufanya. Majirani walipita wakimtania kwamba leo ndege amemeza mdomo wake, naye hata kucheka alishindwa.

Zilipobaki siku nne, mama alianza tena ile ya kutu, na Chiriku akasema, "Mama, hiyo niliitunga."

Mama hakuelewa mara moja. Ilibidi Chiriku amwonyeshe mstari kwa mstari, huu wa kitabu, huu wangu, huu wangu, huu wangu. Mama hakumpiga wala hakumgombeza. Alilifunga daftari, akakaa akitazama vidole vyake. Mwishowe alimwambia avae viatu, akawaambie wale wengine kwa kinywa chake mwenyewe.

Fundi redio aliguna tu, akararua kurasa zake. Mkunga akasema kitabu hakipo lakini watu wapo. Siku mbili zilizofuata aliwapeleka kwa msimamizi wa pampu ya maji na kwa muuguzi wa watoto. Waliuliza, wakaandika. Msimamizi aliwaeleza kwamba pampu yake ilisimama miezi mitano kwa sababu hakuna aliyejua ni kazi ya nani kuitengeneza. Sura ya nne ikaandikwa upya, fupi na yenye mapengo. Muda wa kurudia sura tatu za mwanzo haukupatikana.

Baada ya mtihani, majina ya waliofaulu yalipobandikwa, la mkunga lilikuwepo. La mama halikuwepo, wala la fundi redio. Alama hazikutajwa. Chiriku aliisoma orodha kutoka juu hadi chini mara tatu, na hakuna mtu ambaye angeweza kumwambia kama ni yeye aliyelitoa jina la mama pale au ni jambo jingine.

Yeye na mama walirudi kwa miguu. Njiani Chiriku aliuliza kama ni kosa lake.

"Sijui, mwanangu, na sitakudanganya kwamba najua," mama alisema. "Ila nikuambie kitu. Ungeniachia ukurasa mtupu, ningeona kuna nisilolijua, ningelitafuta. Wewe uliujaza. Mtu hatafuti kitu anachodhani anacho. Kushindwa kazi si aibu, sema umeshindwa, utasaidiwa. Ukificha, unatufunga macho sote."

Mtihani mwingine ulikuwa mwakani. Mkunga alipoanza kazi mpya aliwatafutia kitabu cha kuazima, kikuukuu, kimelowa maji pembeni. Mama alikipokea, akakiweka mezani mbele ya Chiriku pamoja na daftari jipya. Chiriku hakuamini kwamba kazi ile anapewa yeye tena.

Alinakili wiki nzima. Penye ukurasa uliolowa alisimama, akausogeza dirishani, akaugeuza huku na huku.

"Hapa hapasomeki, mama."

"Basi paache wazi," mama alisema. "Tutauliza."