Hadi Mega Mia

Kila alasiri, Chiriku alipotoka shule alivua sare, akaosha vyombo, kisha akambebea mama yake mkoba wa nyaya. Jina la Chiriku alipewa na majirani, maana mdomo wake haukujua likizo. Mama alikuwa wakala wa kuunganisha intaneti majumbani, na Chiriku alijivunia kazi hiyo kana kwamba mitambo yote ilikuwa yake.

Siku hiyo walikwenda kwa Bibi Mkunga. Alikuwa amestaafu hospitalini, lakini alitaka kuwafundisha wakunga wanafunzi wa mbali kwa video kila jioni. Mtaa mzima ulimsikiliza. Majirani walikuwa wamemwambia mama, "Bibi akikubali, na sisi tumo." Angekataa, mama angeukosa mtaa wote, naye katika kazi hiyo alikuwa bado mgeni.

Mama alifunga kisanduku cha intaneti cha majaribio sebuleni, akampa Chiriku simu ya kupimia. Chiriku alisimama karibu kabisa na kisanduku.

"Tisini na sita!" alitangaza.

"Umeona, Bibi?" mama alisema. "Tangazo letu linasema kasi ni hadi mega mia moja."

"Hongera, mwanangu! Lete kalamu nitie sahihi. Nitafundishia chumbani kwangu, kule nyuma. Hapa sebuleni wajukuu hawaniachi nipumue."

Chiriku alishtuka. Alijua kwamba intaneti hupungua nguvu inapopita kuta, na za nyumba hiyo zilikuwa nene. Alimtazama mama. Mama aliitazama kalamu. Chiriku alitamani sana mama yake afanikiwe.

"Chiriku, leo umemeza ulimi?" Bibi aliuliza. "Sijawahi kukuona kimya hivi."

"Bibi..." Aliinua simu ya kupimia. "Tupime na kule chumbani kwanza."

Walikwenda. Namba ilishuka mpaka saba. Mama akajaribu kumpigia mwenzake wa kazini kwa video. Sura ya mwenzake ikaganda, mdomo wazi.

Bibi Mkunga alicheka, lakini si kwa furaha. "Kumbe hiyo 'hadi' ndiyo yenye mambo! Hata mimi naweza kukimbia hadi sokoni, mradi nifukuzwe na mbwa. Mwanangu, nikimweleza mwanafunzi jinsi ya kuzuia damu, halafu sauti ikakatika, mzazi aliye kitandani atasaidiwa na nani?"

Mama aliinamisha kichwa. "Nisamehe, Bibi. Tulifundishwa kupimia karibu na kisanduku, nami sikutaka kuuliza zaidi. Leo mwanangu amenizidi. Nipe nafasi nirekebishe."

Akakunja mikono ya blauzi. Alivuta waya mpaka kwenye ujia, akakifunga kisanduku ukutani karibu na mlango wa chumba. Chiriku alishikilia ngazi huku vumbi likimmwagikia nyweleni. Wakasubiri mpaka watu waliporudi kutoka kazini na wateja wa mitaa mingine wakawa wanatumia intaneti, maana saa hizo kasi hupungua, ndipo wakapima tena, palepale kwenye kiti cha Bibi.

"Thelathini na mbili," alisema Chiriku.

"Hiyo ndiyo kasi utakayoipata jioni," mama alisema. "Inatosha kufundishia. Mia siwezi kukuahidi."

Bibi akaanza somo. Nyuso za wanafunzi zilitokea safi. Mmoja akauliza swali, akajibiwa lote bila sauti kukatika. Mama alimshika Chiriku bega kwa fahari, machozi yakimlengalenga.

Somo lilipokwisha, Bibi alitia sahihi. "Thelathini ya kweli naitaka kuliko mia ya kwenye tangazo. Kesho nitawaambia majirani wakuite, upimie pale wanapokaa." Akamgeukia Chiriku. "Njia ya mwongo ni fupi, mjukuu wangu, na leo ilikuwa inaishia kwenye ukuta wa chumba changu. Ulijua ukweli ungeweza kumkosesha mama yako kazi, lakini ukausema. Mtu wa hivyo ndiye watu humpa kazi zao."

Mama alimkumbatia binti yake, vumbi na yote.

"Bibi," alisema, "mtoto huyu alipozaliwa ulimpokea kwa mikono yako mwenyewe. Leo nimeona kwamba siku ile ulinipa mtu."