Kikombe cha Kapya

Kifua cha Kabwe kilikuwa kinapumua mara mbili. Mama Clotilde, muuguzi wa wodi ya watoto, alitega sikio akasikia pumzi ya mtoto ikiingia na kutoka, kisha pumzi nyingine, ndogo, kama ya mtu aliyejificha. Akalaumu uchovu. Nani asingechoka Elisabethville mwaka ule wa 1961, Katanga imejitangaza nchi, askari wa ONU, Umoja wa Mataifa, na wanajeshi wa Katanga wanarushiana risasi mjini, na nusu ya wauguzi wamekimbia?

Kabwe alikuwa na miaka miwili. Walimtibu kifua kikuu kwa miezi bila nafuu, mpaka daktari pekee aliyebaki alipompiga picha ya eksirei. Upande wa kushoto wa kifua palikuwa na kibofu cha mviringo kilichojaa hewa. Daktari alieleza kwamba mtoto alizaliwa nacho, kwamba ni ugonjwa wa nadra, na kwamba kinazidi kuvimba na kulibana pafu. Kisipokatwa upesi, mtoto atakufa kwa kukosa hewa.

Mama yake, Wivine, alisikiliza kwa adabu, kisha akasema anamjua huyo aliye ndani. Kabwe alizaliwa pacha. Mkubwa wake, Kapya, aliishi asubuhi moja tu. Kwao, kila anachopewa pacha aliyebaki, aliyekwenda huwekewa pia, ndiyo maana kando ya kitanda palikaa vikombe viwili vya maziwa.

Clotilde ndiye aliyekiondoa cha pili. Maziwa ya unga yalikuwa yanakwisha, wodi imejaa watoto, naye hakuwa na nguvu za kubembeleza mizimu. Tangu hapo midomo ya Kabwe ikaanza kugeuka rangi. Harufu ya maziwa yaliyochacha ikaingia wodini. Wakafua mashuka, wakapiga deki, bado ikawafuata hadi kwenye nguo zao.

Wivine alimkuta kwenye korido akamshika mkono.

"Ulimunyima maziwa, Mama Clotilde," alinong'ona. "Sasa anakunywa pumuzi ya mudogo yake."

"Nyamaza, mama. Munganga atamukata leo, atapona."

Clotilde alisema hivyo, lakini aliogopa, na aliogopa zaidi kwa sababu alikuwa amekwisha kuamini.

Daktari alipasua huku vioo vikitikisika kwa mizinga. Akakitoa kile kibofu, akakitoboa, akakitupa kwenye bakuli la chuma. Pafu la Kabwe likatanuka, jekundu na zima, na ikasikika pumzi ya mtoto peke yake, bila ile nyingine ndogo. Clotilde alitamani kulia kwa furaha. Akafunika bakuli kwa kitambaa, akalipeleka chumba cha pili ili kilichomo kikachomwe, na hapo, mchana kweupe, jua likiwa dirishani, akaona kitambaa kikiinuka kidogo, kikashuka, kikainuka tena, akajiambia ni upepo ingawa madirisha yalikuwa yamefungwa, akajiambia ni mikono yake inayotetemeka ingawa bakuli alikuwa amekwisha kuliweka mezani, na harufu ile ya maziwa ikampanda puani mpaka akashindwa kujiambia lolote.

Wivine alikuwa amesimama mlangoni.

"Wenu mulishamuponyesha," alisema polepole. "Huyu munipe."

Sheria ya hospitali ilikuwa kuchoma. Clotilde aliijua. Ila mtu aliyechoka huchagua njia fupi, naye akasogea pembeni.

Alasiri Kabwe aliamka. Midomo yake ilikuwa imerudia rangi yake, akalia kwa sauti safi, akimtaka mama yake. Clotilde akatoka mbio kwenda kumpa habari njema. Alimkuta Wivine kwenye benchi, amegeukia ukuta, blauzi wazi, anabembeleza kitu ndani ya kitenge. Kutoka kifuani mwake ilisikika sauti ya kumeza, kubwa, yenye pupa. Mikono ya Wivine ilikuwa imekonda kuliko asubuhi.

"Mama Wivine," Clotilde alisema, "mutoto ameamuka. Anakulilia."

Wivine hakugeuka.

"Mwambie Kabwe angoye. Mukubwa yake bado hayashiba."