Aliyeolewa na Upanga

"Siolewi na chuma mimi!" Hansa alifoka, ushungi ukimteleza begani. "Ratansi aliniapia! Alisema wengine na watume panga zao, yeye atakuja mwenyewe."

Upanga wa bwana harusi ulilazwa juu ya mto mwekundu, umefungwa kilemba chake. Kwa mila yao, mume akiwa vitani, bibi harusi huzunguka moto wa harusi na upanga wake, na ndoa imefungwa.

"Vita vimemzuia, mwanangu," baba yake alisema. "Olewa leo, kesho wapanda farasi wangu wanaungana na wa mkweo. Tukiiteka ngome ya Ratkot, ukoo wa mumeo ndio utakaotawala. Utakuwa malkia!"

"Malkia wa muongo."

Hata hivyo akauzunguka moto, akiunong'onezea upanga kwa hasira: "We ngoja urudi. Utanitambua!" Njia nzima, ndani ya machela, hakuacha kuutukana.

Mama mkwe alimpokea mlangoni. Alipoanza kumvisha bangili za pembe, alama ya mke mwenye mume, akaangua kilio.

"Mama, unalia nini? Mwanao yuko wapi?"

"Usiniulize, binti yangu."

"Nakuuliza. Yuko wapi?"

"Tuliuchoma mwili wake asubuhi ile upanga unaondoka." Alikuwa anasema kwa kwikwi. "Mshale ulimpata akijiandaa kuja kwako. Mume wangu akasema bila farasi wa baba yako tumekwisha. Nani angemwoza bintiye kwa marehemu?"

Hansa alikaa chini palepale. Kumbe hakumvunjia ahadi! Naye amemtukana njia nzima, maskini wa Mungu.

"Usizivunje bangili kama wafanyavyo wajane," mama mkwe alimsihi. "Baba yako akijua wewe ni mjane, ataondoa watu wake. Tutachinjwa sote."

Kwa ajili ya mama aliyemzaa Ratansi, Hansa alinyamaza. Alijipamba, alitabasamu, alilia akiwa peke yake; baba yake akaambiwa Ratansi yuko mpakani.

Ratkot ikaanguka. Baba mkwe akaketi kwenye kiti cha enzi, ngoma zikirindima.

"Mshangilieni mke wa mwanangu!" alinguruma. "Mama wa wafalme wajao!"

Hansa akapiga magoti, akagonga mikono yake kwenye ngazi ya kiti. Bangili zikapasuka, damu ikamtoka. Ngoma zikanyamaza.

"Hansa! Unamtabiria mumeo kifo?" baba yake alimaka.

"Alikufa kabla hujaniozesha, baba. Muulize mfalme wako."

Baba mkwe aliinamisha kichwa. Hansa akaukumbatia upanga wa mumewe, aliokuja nao.

"Nisamehe, Ratansi," alisema. "Ulikuwa unakuja."