Mwana wa Nahodha wa Nyavu

Walikutana sokoni Trapani, mji wa pwani, asubuhi ya watu kusukumana, wakigombea moyo wa jodari. Ulikuwa wa mwisho, umekaushwa kwa chumvi. Ninfa, muuguzi aliyevaa gauni la kijani, alikuwa ameshika upande mmoja. Baldassare alikuwa ameshika wa pili.

"Dada, wewe utaufanyia nini huu?"

"Nitaukwangua juu ya tambi, nile peke yangu. Wewe kaa na njaa yako."

Wakaugawana. Hapo ndipo alipopatikana, maskini yule dada.

Simu zikawa kutwa kucha. Baldassare, au Baldo, alimwita "jodari wangu". Ninfa alisema ni ushamba, lakini asipoitwa hivyo ananuna. Jumapili walikwenda ufukweni, penye jumba la zamani la mtego wa jodari, nyavu zilizokuwa zikitandwa baharini, ambako Baldo aliwatembeza wageni. Mashua nyeusi zililala chini ya matao, na mchangani hapakuwa na mtu. Baba yake ndiye aliyekuwa nahodha wa mwisho wa nyavu pale. Jodari wakianza kuingia, Baldo alimweleza, nahodha hasemi neno, hata aulizwe na mwenye mali. Anatazama maji mpaka awe na hakika, ndipo anainua mkono nyavu zifungwe. Ninfa alidhani anasimuliwa habari za samaki.

Mwezi wa tano akapata kazi hospitalini, huko Torino, mbali kaskazini. Alimletea Baldo habari hiyo ufukweni, midomo imepakwa rangi, maana alitaka jambo moja tu: azuiwe.

"Baldo, niende au nibaki?"

Baldo akatazama maji.

"Sema basi. Neno moja tu."

Hakusema. Wanaume wa pwani hii wana ujinga wao, nao wanauita heshima. Moyoni alikuwa ameshajibu, ila alitaka kwanza aezeke upya nyumba ya baba yake, ndipo aje na neno lililokamilika. Ninfa alisubiri mpaka jua likamchoma mabega, akaona hatakiwi, akaenda zake. Kabla ya kupanda treni aliifungia namba ya Baldo kwenye simu.

Alirudi kiangazi cha pili, katikati ya kundi la wageni, tumbo limetangulia, mumewe akimshikia mwavuli. Baldo akawatembeza wote. Akaeleza nyavu, vyumba vya mtego, na nahodha asiyesema. Yule mume, mtu mpole tu, akauliza inakuwaje nahodha akikawia kuinua mkono.

"Jodari wanatoka walikoingilia," Baldo akajibu.

Wengine walipokwenda kupiga picha, Ninfa alibaki kwenye nanga kuukuu, amechoka miguu. Baldo akamsogelea.

"Paa la nyumba ya baba nimemaliza," akamwambia. "Nilikuwa nangoja liishe ndipo nikwambie ubaki."

Macho ya Ninfa yakajaa machozi.

"Ungeniambia linavuja, Baldo. Ningekaa nawe hivyo hivyo, likivuja."

Mumewe akamwita. Akajifuta uso, akaenda. Mlangoni kundi lingine lilikuwa limeshafika, na Baldo akaanza maelezo upya, kwenye nanga ile ile.